Magari ya kasi na barabara ya Mikumi: kikomo kinamlinda nani?

WATENGENEZAJI wa magari yenye nguvu kubwa na giaboksi za otomatiki wameweka katika kompyuta za magari hayo utaratibu wa kuondoka kwa kishindo. Dereva hukanyaga breki kwa mguu wa kushoto, husukuma pedali ya mafuta hadi mwisho kwa mguu wa kulia, kisha huachia breki. Mengine huamuliwa na kompyuta.

Utaratibu huo una masharti. Kompyuta hukataa iwapo mafuta ya giaboksi hayajapata joto la kutosha au yamezidi kiwango, na mara nyingi hulilazimu gari lipoe kabla ya kurudia. Sababu ni ya kifundi: injini inapovuma huku breki imeshikilia magurudumu, nguvu yake huishia kuwa joto ndani ya giaboksi. Nissan GT-R ya mwaka 2007, yenye klachi mbili, ilizua mabishano Marekani kuhusu dhamana ya giaboksi zilizoharibika kwa kuondoka hivyo, hata programu yake ikabadilishwa.

Kikomo hicho, basi, kinalinda chuma. Kompyuta haijui kama gari liko katika uwanja wa mashindano au Mikumi.

Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilometa 50. Mwendo unaoruhusiwa humo ni kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Magari mengi tunayoagiza yakiwa yametumika hutoka Japani, ambako watengenezaji walikubaliana kuyakomesha kwenye 180.

Matuta yamewekwa, nayo husaidia. Hata hivyo, gari linaloweza kutoka mwendo wa tuta hadi kilometa 100 kwa sekunde sita hufanya hivyo ndani ya mita mia moja hivi. Kwa dereva wa namna hiyo, kila tuta ni mstari mpya wa kuanzia mashindano.

Hesabu ya breki haina huruma. Kwa kilometa 70, katika lami kavu na dereva makini, gari husimama katika mita 46 hivi; kwa 120, huhitaji zaidi ya mita 110. Nyati aliyesimama gizani haonekani kwa umbali huo kwa taa za chini.

Mabasi ya mikoani hufuatiliwa na LATRA kwa mfumo wa kielektroniki, na sheria imeyawekea kilometa 80. Gari binafsi hukutana na tochi ya askari tu, kama askari yupo. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, unataka kila gari jipya liwe na kifaa cha kumwonya dereva anayezidisha mwendo, ingawa anaweza kukizima. Magari hayo yatachukua miaka mingi kutufikia.

Kilosa, wilaya yenye mji wa Mikumi, tangu mwaka 2024 inapitiwa na treni ya umeme ya reli iliyosanifiwa kwa kilometa 160 kwa saa. Kasi hiyo inavumilika kwa kuwa reli ina njia yake, na magari hupita juu au chini yake. Mikumi, lami ni ya wote, pamoja na twiga.

Dawa nyepesi kuliko kamera kila kona ni saa: kuandika muda wa kuingia na wa kutoka hifadhini. Kilometa 50 kwa mwendo halali wa mchana huchukua dakika 43. Anayefika upande wa pili kwa dakika 25 amekwenda wastani wa 120, na hana la kubishana na askari.