Uvira: Kupeana mafaili si kosa, kosa ni kupeana programu

Mjini Uvira faili husafiri kwa miguu. Mwanafunzi wa Kimanga anayetaka sillabus ambayo mwenzake amekwisha kuipiga picha hanunui mega. Anavuka mtaa, wanafungua Xender au SHAREit, na baada ya dakika chache anarudi nyumbani na kurasa zote ndani ya simu. Nyimbo za kwaya, mahubiri, filamu na picha za arusi hupitia njia hiyo hiyo. Pale mega zinapokula pesa ya chakula na mtandao unapoondoka pamoja na umeme, hakuna sababu ya kumkemea mtu kwa hilo.

Wapo wanaosema programu hizi zifutwe tu. Wanakumbusha kwamba tarehe 29 Juni 2020 serikali ya India ilipiga marufuku programu 59 zenye uhusiano na Uchina, SHAREit na Xender zikiwemo. Ni kweli, ingawa India ilikuwa imetoka kupigana na Uchina mpakani mwezi huo huo. Tena marufuku ya New Delhi haimwambii mtu wa Mulongwe mwenye tableti iliyochakaa atumie nini badala yake. Bluetooth? Filamu ya mega 700 itamla saa nzima. Quick Share ya Google, iliyoitwa Nearby Share hadi Januari 2024, ni nzuri, lakini inataka Android 6 kwenda juu.

Hatari kubwa iko kwingine, na haizungumzwi sana. Programu hizi hazibebi nyimbo na sillabus tu, zinabeba pia programu nyingine. Mtu akinunua simu ya okazyo, rafiki anamrushia kwanza Xender yenyewe kwa Bluetooth, halafu WhatsApp, halafu michezo, halafu ile ya kuangalia mpira. Hakuna aliyepita Play Store. Kila moja imetoka kwa mtu aliyeipata kwa mwingine, na huyo naye kwa mwingine.

Mwezi Februari 2021, kampuni ya usalama wa kompyuta Trend Micro ilitangaza kwamba SHAREit ya Android, iliyokuwa imekwisha kupakuliwa zaidi ya mara bilioni 1, ilikuwa na mianya ambayo mhalifu angeweza kuitumia kuiba habari za mwenye simu. Siku chache baadaye wenye SHAREit walisema wameiziba. Kwa anayepokea marekebisho kutoka Play Store, mambo yaliishia hapo. Lakini nakala iliyokuwa ikizunguka mkono kwa mkono kabla ya siku hizo haikuzibwa na mtu. Iliendelea kuzaa nakala zilizo kama yenyewe.

Simu ikiwa ya zamani, mlango unakuwa mpana zaidi. Kabla ya Android 6, iliyotoka mwaka 2015, programu ilichukua ruhusa zake zote siku ya kuwekwa: majina ya watu, ujumbe, mahali ulipo. Ulikubali zote au uliiacha. Na kabla ya Android 8, kulikuwa na kitufe kimoja tu kwa simu nzima, kile kinachoandikwa « Sources inconnues ». Kijana wa kibanda anakifungua siku ya kwanza ili aweke programu zake, na hakuna anayekumbuka kukifunga.

Katika simu hiyo hiyo mna M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mna pesa ya likelemba, pesa iliyotumwa na ndugu wa Bukavu, na ujumbe unaoonyesha salio. Kisha, tangu Oktoba 2023, WhatsApp imeacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya 5.0. Mwenye simu hiyo anaanza kuuliza kama kuna « WhatsApp nyingine ». Hakosi wa kumrushia, hata kama WhatsApp wenyewe wamekwisha kuonya juu ya matoleo hayo ya kuigiza.

Serikali nayo haiwezi kusema haijui simu hizi. Kuanzia 2020 hadi 2022 ilizitoza kodi ya RAM, ikikatwa kwenye kredi, kwa kisingizio cha kupambana na simu za bandia na za wizi. Kuhesabu simu iliweza. Kuwafundisha wenye simu, hata kwa tangazo moja la redio kwa Kiswahili, nako ni kazi yake.

Wakati huo tangazo hilo likingojewa, kuna linalowezekana leo bila mega nyingi. Pokea picha, nyimbo, video na PDF kama kawaida. Faili inayoishia kwa .apk ikatae, hata ikitoka kwa rafiki wa kanisani, kwa sababu naye hajui ilikotoka. Programu ichukuliwe Play Store, ambayo humpa kila mtu toleo linaloendana na simu yake, ikibidi mara moja kwa mwezi mahali penye Wi-Fi. Funga « Sources inconnues ». Na laini ya pesa iwekwe kwenye ile simu ndogo ya vitufe, ambayo nyumba nyingi bado zinayo: haipokei Xender, na betri yake inashika siku tatu hata umeme ukikatika.