Karoo yanyamazishwa, anga lapiga kelele

SHERIA ya Afrika Kusini ya mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya utafiti wa falaki ni kali kwa vyombo vinavyotoa mawimbi ya redio katika nyika kame ya Karoo. Huko, kilometa 90 hivi kutoka mji mdogo wa Carnarvon, matumizi ya simu na redio za mawasiliano yamedhibitiwa, mashamba ya kondoo yamenunuliwa, na wakazi wametakiwa kuvumilia ili darubini ya MeerKAT isikilize mbingu bila bughudha. Sheria hiyo ina upungufu mmoja: haifiki angani.

MeerKAT, yenye mabakuli 64, ilizinduliwa Julai 2018. Itamezwa na mradi mkubwa zaidi wa SKA, ulioanza kujengwa rasmi Desemba 2022, utakaokuwa na mabakuli 197 Afrika Kusini na antena zaidi ya 130,000 nchini Australia.

Kinachosakwa hasa ni haidrojeni, gesi inayozaa nyota. Gesi hiyo hutoa mawimbi hafifu mno katika masafa ya megahezi 1,420, na kanuni za kimataifa zimetenga megahezi 1,400 hadi 1,427 kwa ajili ya kuyasikiliza. Tatizo ni kwamba ulimwengu unapanuka, na mawimbi hurefuka yakiwa safarini. Yale yaliyosafiri kwa karibu miaka bilioni 8 hufika yakiwa na megahezi 710 tu. Kwa maneno mengine, masafa yaliyolindwa yanazifaa galaksi za jirani; habari za galaksi za mbali huangukia katika masafa yaliyokwisha kugawiwa simu na televisheni. Ndiyo maana jangwa likachaguliwa. Pale kanuni zisipolinda, umbali kutoka kwa watu hulinda.

Lakini hakuna jangwa lililo mbali na setilaiti. Zile za Starlink, mali ya kampuni ya SpaceX ya Marekani, zilikuwa zimepita 6,000 ilipofika mwaka 2024. Mwaka 2023 wanafalaki waliotumia darubini ya LOFAR ya Uholanzi walichunguza 68 kati yake na kunasa mawimbi kutoka 47, kati ya megahezi 110 na 188, masafa ambayo setilaiti hizo hazikukusudiwa kuyatumia. Yalikuwa yakivuja kutoka katika vifaa vyake vya umeme. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa uvujaji wa kizazi kipya ulikuwa mkali hadi mara 32 zaidi. Antena za Australia zimebuniwa kusikiliza megahezi 50 hadi 350. Uvujaji huo umo katikati kabisa.

Mzozo huu hauna mkosaji wa wazi. Kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) zimetungwa zaidi kwa ajili ya mawimbi yanayorushwa kwa makusudi, si yanayovuja. Aidha, huduma yenyewe inahitajika. Kenya, mojawapo ya nchi washirika wa SKA barani Afrika, ilianza kupata Starlink Julai 2023, na si rahisi kumweleza mwalimu wa kijiji kisicho na mnara wa simu kwamba haidrojeni ya kale ina haki kuliko intaneti yake.

Nafuu ipo, ingawa ni ya nusu. Nchini Marekani, SpaceX na kituo cha taifa cha falaki ya redio, NRAO, wamejaribu mfumo wa setilaiti kugeuza miale yake zinapokatiza mbele ya darubini, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalitia moyo. Hata hivyo, huo ni uungwana wa kampuni moja, wakati Amazon na kampuni za China nazo zinarusha setilaiti zao. Tena, kugeuza miale hakuzuii uvujaji. Huo hauna budi kuzibwa kiwandani, kwa kuwa setilaiti ikishafika angani hakuna fundi wa kuifuata.