Sogea, au Achianeni Nafasi?

Abiria apandaye teksi ya kwenda Katwe, mjini Kampala, huambiwa na kondakta neno moja la Kiingereza: "extend". Maana yake hapo ni sogea, mwenzako apate kukaa. Wapo wanaolicheka. Sisi hatuoni la kuchekwa. Katika Kiingereza sanifu kitenzi hicho hudai yambwa: mtu huongeza muda, hunyosha mkono. Lakini barabara nayo huweza "extend" pasipo yambwa, yaani kufika mahali fulani. Watu wa Kampala wamempa abiria kazi ya barabara, basi.

Taabu imo katika amri. Kwa askari wa miguu wa Uingereza, neno lilo hilo lilikuwa amri ya kuachiana nafasi mstarini. Askari akilitamka mbele ya umati kando ya karakana za Katwe, raia atajisogeza hatua moja na kusimama, akiamini ametii. Naye askari atadhani amekaidiwa. Fimbo huinuka kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kiswahili, lugha ya majeshi ya Uganda tangu enzi za King's African Rifles, na lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, hupambanua haya waziwazi: sogea ni mtu mwenyewe, sogeza ni kitu, achianeni nafasi ni kikosi. Twawaomba askari wetu waamuru kwa maneno hayo. Raia asiyejua Kiswahili aonyeshwe kwa mkono aendako. Na ndani ya teksi, askari naye asogee kama abiria wengine.