Sherlock Sasa ni wa Kila Mtu. Je, Bwana Msa na Willy Gamba?

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee wapelelezi. Siyo wale wa polisi, hapana. Naongelea wale wa kwenye riwaya ambao baadaye tunawakuta kwenye muvi: Sherlock Holmes, Poirot, na wa kwetu akina Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango. Wenye kulipia kwa dakika msikimbie, naingia moja kwa moja.

Kila ukianza mjadala huu kijiweni, jibu linakuwa lile lile: "Bongo hatuna hadithi." Jamani, hadithi tunazo! Hizo riwaya wazazi wetu walizisoma mpaka zikachanika majalada. Tatizo liko kwingine, nalo ni hili: nani mwenye mali, na nikitaka kuitengenezea filamu nabisha hodi mlango gani? Wenzetu hilo walishalimaliza, tena kwa kugombana mahakamani. Tuangalie walivyofika hapo.

SHERLOCK ALIVYOKUWA HURU

Sherlock Holmes aliletwa duniani na Arthur Conan Doyle mwaka 1887. Jumla yake ni riwaya 4 na hadithi fupi 56, ya mwisho ikatoka 1927. Mwandishi mwenyewe alifariki 1930. Filamu yake ya kwanza ni ya mwaka 1900, haifikishi hata dakika moja. Kufikia 2012 watu wa Guinness walihesabu mara 254 ambazo Sherlock ameigizwa kwenye sinema na televisheni. Mara 254, kwa mtu ambaye hajawahi kuishi!

Sasa sikilizeni upande wa sheria. Uingereza hakimiliki inahesabiwa kuanzia mwandishi anapofariki, halafu unaongeza miaka 70. Kwa hiyo kule Sherlock aliachiwa mwisho wa mwaka 2000. Marekani, kwa vitabu vya zama zile, wanahesabu miaka 95 tangu kitabu kitoke. Ina maana hadithi zilikuwa zinafunguliwa moja moja, na zile za mwisho zikawa mali ya umma tarehe 1 Januari 2023.

Hapo katikati ndipo palikuwa na vita. Mwanasheria mmoja wa Marekani, Leslie Klinger, ambaye ni mtaalamu wa Sherlock, alikuwa anaandaa kitabu cha hadithi mpya za waandishi mbalimbali kuhusu Holmes. Kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo, mchapishaji alilipa dola 5,000 kwa wasimamizi wa mali za Conan Doyle. Cha pili Klinger akagoma, akaenda mahakamani mwaka 2013. Hoja yake ilikuwa rahisi: zimebaki hadithi 10 tu zenye hakimiliki, na mimi sichukui kitu humo, sasa nalipia nini?

Wasimamizi wakajibu kwamba Holmes alikuwa anaendelea kukua mpaka hadithi ya mwisho, kwa hiyo huwezi kumkata vipande. Mahakama ya rufaa ikawakatalia mwaka 2014, na wakaamriwa kumlipa Klinger zaidi ya dola 30,000 alizotumia kwenye rufaa.

Mnadhani waliacha? Wapi! Mwaka 2020 ilipokuja filamu ya Enola Holmes kutoka Netflix, iliyotokana na riwaya za Nancy Springer kuhusu dada yake Sherlock, wakafungua kesi nyingine. Safari hii walisema Sherlock mwenye huruma na hisia anatokea kwenye hadithi za mwisho, ambazo bado zilikuwa na mwenyewe. Yaani kwa maneno mengine: Sherlock mkavu chukueni bure, Sherlock mwenye moyo mlipie! Kesi ikafutwa Desemba 2020 bila mahakama kuamua nani yuko sahihi. Leo hoja hiyo imekufa yenyewe, kwa sababu hadithi zote 60 ziko wazi.

WENYE WENYEWE, NA WANAOJITENGENEZEA

Msije mkadhani filamu zinatengenezwa tu pale ambapo mhusika ni wa bure. Muangalieni Poirot wa Agatha Christie. Mama huyu alifariki Januari 1976, kwa hiyo Uingereza kazi zake zina mwenyewe mpaka mwisho wa 2046. Lakini Poirot anaonekana kila mara: David Suchet aliigiza vipindi 70 vya televisheni kati ya 1989 na 2013, halafu akaja Kenneth Branagh na filamu tatu, 2017, 2022 na 2023. Kwa nini inawezekana? Kwa sababu ipo kampuni inayosimamia haki, Agatha Christie Limited, na anayeiongoza ni kitukuu wa mwandishi. Unajua unaongea na nani, unasaini wapi, na pesa inakwenda wapi.

Njia ya tatu ni kujitengenezea mpelelezi wako. Rian Johnson alifanya hivyo kwenye Knives Out mwaka 2019. Mpelelezi wake Benoit Blanc ananukia Poirot kuanzia mavazi mpaka namna anavyowakusanya watu sebuleni, lakini hajachukuliwa kwa mtu. Mwaka 2021 Netflix wakanunua muendelezo wa filamu mbili kwa mkwanja ulioripotiwa kuzidi dola milioni 450. Sheria inalinda mhusika na maneno yake, hailindi mbinu. "Mtu mwerevu anayefumbua mauaji akiwa na rafiki yake anayeshangaa" haina mwenyewe. Hata Doyle aliikuta kwa Edgar Allan Poe, aliyeandika hadithi ya mpelelezi Dupin mwaka 1841.

Kwa hiyo njia ni tatu: subiri awe huru, omba ruhusa, au tengeneza wako.

TURUDI NYUMBANI

Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, aliichukua njia ya tatu miaka mingi kabla ya hao wa Netflix. Bwana Msa ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, anatumia kichwa kuliko mabavu. Kila aliyemsoma Sherlock anamtambua babu yake papo hapo. Lakini yumo kwenye visiwa vyetu, kwenye imani zetu za mizimu na mambo yetu ya kurithi mali. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na ikachapishwa 1960. Hakuomba ruhusa ya mtu, na hakumwibia mtu.

Wakaja wengine. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba na Willy Gamba kwenye Kufa na Kupona, 1974, jamaa anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za wapigania uhuru. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Hebu jiulize, Willy Gamba kwenye skrini na Dar ya miaka ile ya ukombozi, magari ya zamani, mahoteli, majasusi wa Makaburu... nani asingekaa kuangalia?

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki Namba 7 ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mwandishi pamoja na miaka 50 baada ya kufariki. Kenya nao, sheria yao ya 2001 iliweka miaka 50. Abdulla alifariki 1991, kwa hiyo mpaka mwisho wa 2041. Mtobwa alifariki 2008, mpaka 2058. Musiba 2010, mpaka 2060. Kijana mwenye miaka 20 leo akisubiri Willy Gamba awe wa bure, atakuwa ameshapita miaka 50, pengine ana wajukuu.

Na hapa ndipo panaponichekesha na kuniuma kwa pamoja. Kijana wa Tandale akitaka, kesho asubuhi anaweza kumtengenezea filamu Sherlock Holmes wa Kariakoo, hakuna wa kumgusa. Ila akitaka Bwana Msa, mtu wa nyumbani, lazima apate karatasi. Sisemi sheria ifutwe. Wale wazee waliandika, familia zao zina haki ya kula jasho lile. Nasema kama kuna mlango, uwekwe kibao tuuone.

"LAKINI NANI ATANISHITAKI?"

Hili nalisikia sana. Mtu anaweka riwaya nzima mtandaoni, mwingine anaisoma kwa sauti anapandisha YouTube, wa tatu anaigiza na washikaji zake kwa simu. Wakiulizwa, wanajibu: "Warithi wenyewe wala hawajui."

Ndugu yangu, hatari haipo wakati kazi ni ndogo. Inakuja siku kazi ikipendwa. Kituo cha televisheni kikitaka kuinunua, swali la kwanza ni: haki za hadithi unazo? Huna karatasi, dili limekufa. Au mrithi anapeleka malalamiko, video yenye watazamaji laki tatu inaondolewa siku moja. Umefanya kazi miaka miwili, umelipa waigizaji, umekopa kamera, halafu huna unachomiliki.

Wengine wanasema warithi wataomba mamilioni. Hapa nina neno kwa wanaoanza, kwa sababu wengi hawalijui. Wenzetu hawanunui haki zote siku ya kwanza. Wanalipa kiasi kidogo ili kushikiliwa hadithi kwa muda, tuseme miezi 12 au 18. Muda huo hakuna mwingine anayepewa, na wewe unatafuta wafadhili. Ukipata, unalipa bei kamili mliyoandikiana. Usipopata, hadithi inarudi kwa mwenyewe na kile kidogo ameshakula. Kila mtu salama.

Na kwenye mkataba muandike nani anaruhusiwa kubadilisha hadithi. Usione jambo dogo hilo! Conan Doyle alipoulizwa na mwigizaji William Gillette kama anaweza kumuozesha Sherlock kwenye tamthilia iliyotoka 1899, alijibu amuoze, amuue, afanye atakalo. Christie alibadilisha mwenyewe mwisho wa And Then There Were None ilipopelekwa jukwaani 1943, na filamu ya 1945 ikafuata mwisho huo mpya. Warusi wakaja 1987 wakarudisha mwisho wa kwenye kitabu. Sasa fikirieni Bwana Msa anapewa bastola na kurukaruka juu ya mapaa. Mimi ningezima. Lakini mwenye kukataa rasmi ni mwenye haki, siyo mimi.

FUNZO LA BOTSWANA

Wanaosema serikali ingilieni kati, watazameni Botswana. Riwaya za Alexander McCall Smith kuhusu Mma Ramotswe, mama mpelelezi wa Gaborone, zilianza 1998. BBC na HBO walipotaka kuzitengenezea televisheni, serikali ya Botswana ilichangia kama dola milioni 5 ili kazi ifanyike kwao, isikimbilie Afrika Kusini. Ikafanyika kweli, chini ya Kgale Hill. Mmoja wa waigizaji wakuu alikuwa Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania. Nyota mkuu alikuwa Mmarekani, Jill Scott. Vipindi 7 tu, kati ya 2008 na 2009, ikaishia hapo.

Botswana walipata ajira na sifa, siwabezi. Ila mpelelezi si wao. Haki ziko kwa mwandishi na waliokubaliana naye. Sisi tuna wapelelezi walioandikwa na watu wetu, kwa lugha yetu. Tuna kitu ambacho Botswana walilazimika kukilipia ili kije nyumbani, na tumekifungia kabatini.

NINI KIFANYIKE

Sihitaji mabilioni kwenye pendekezo langu. COSOTA, wachapishaji na familia za waandishi wakae waandike orodha moja: riwaya hii, mwandishi huyu, haki za filamu ziko kwa huyu, anwani hii hapa. Iwekwe mtandaoni kila mtu aione. Familia nazo zichague mtu mmoja wa kuongea kwa niaba ya wote, maana ukifika ukakuta warithi sita na kila mmoja ana bei yake, utarudi zako kwa Sherlock. Na wachapishaji warudishe vitabu madukani, hakuna atakayelilia filamu ya mpelelezi ambaye hajawahi kumsikia.

Na sisi vijana tuache njia ya mkato. Ukimpenda Joram Kiango, mtafute mwenye haki. Ukishindwa, fanya kama Abdulla: unda mpelelezi wako, mpe mtaa wako, mpe rafiki wa kumuuliza maswali ya kijinga, uwe na mali yako. Bodaboda anayejua siri za mtaa mzima, dada wa M-Pesa anayeona nani anamtumia nani hela usiku wa manane... nimewapa viwili bure hivyo, havina hakimiliki.

Mnasemaje wadau? Mngeanza na nani: Bwana Msa, Willy Gamba au Joram Kiango? Na nani aigize? Kama kuna mtu wa familia ya mmoja wa waandishi hawa anasoma hapa, tunaomba neno lako zaidi ya la mtu mwingine yeyote. Uwanja ni wenu, matusi hapana.