MAARIFA YA NYUMBANI: Pima Kwanza, Ndipo Ubadilishe



Katika nyumba zetu nyingi pikapu si chombo cha anasa. Ndiyo ipelekayo mboga sokoni, ndiyo ichukuayo saruji na mbao, na pengine ndiyo imfikishayo mgonjwa hospitali usiku wa manane. Ikianza kula petroli kupita desturi yake, hasara haimpati mwenye gari peke yake. Huwafikia watoto pia, maana kitoweo hupungua na ada hukawia. Kwa hiyo tumeona vyema mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo, kinachokaribia kidole gumba kwa ukubwa, ambacho hulaumiwa mara kwa haki na mara kwa dhuluma. Kitu hicho ni sensa ya joto la maji ya injini.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tutalichukua gari moja lijulikanalo, nalo ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 22R-E. Injini hiyo ina silinda nne, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,366. Huko Marekani pikapu zenye injini hiyo ziliuzwa mpaka mwaka 1995. Herufi E ya mwisho ndiyo yenye maana kwetu, kwani hujulisha kuwa petroli hunyunyizwa na nozeli kwa amri ya kompyuta. Mwenye 22R isiyo na E anayo kabureta, na mwenye dizeli ana mambo yake mengine. Lakini funzo la mwisho lawafaa wote.

Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vyema, kwa hiyo huhitaji kuongezwa. Ikisha pata moto, nyongeza hiyo yapasa kuondolewa. Kompyuta haina macho wala mkono wa kugusa. Hutegemea habari iletewayo na sensa. Ndani ya sensa mna kitu ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto lipandavyo. Maji yakiwa na digrii 20, ukinzani huwa kati ya omu 2,000 na 3,000. Kwa digrii 40 huwa kati ya omu 900 na 1,300. Na kwa digrii 80 hubaki omu 200 mpaka 400 tu.

Basi sensa ni shahidi na kompyuta ni hakimu. Shahidi akisema injini ni baridi ilhali ni moto, hakimu huamuru petroli iongezwe, na mwenye gari huona moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi zenye masizi, na injini kuwaka kwa shida baada ya kusimama kidogo ikiwa moto. Shahidi akisema injini ni moto ilhali ni baridi, nyongeza hukosekana, na gari hugoma asubuhi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Waya ukikatika kabisa au zikigusana, kompyuta hutambua kwamba habari hiyo haiwezekani. Huwasha taa ya injini katika dashibodi, huacha kuisikiliza sensa, na huchukulia kuwa joto ni digrii 80. Ndiyo sababu gari la namna hiyo laweza kwenda vizuri mchana kutwa, na kusumbua alfajiri tu. Lakini sensa isemayo uongo unaofanana na kweli haigunduliwi, na taa haiwaki. Kwa hiyo kuwaka kwa taa si hukumu juu ya sensa, wala kutowaka kwake si dalili ya usalama.

Katika pikapu hizi za miaka ya mwisho, kompyuta huweza kuulizwa. Chini ya boneti mna kijisanduku cha kupimia. Injini ikiwa imezimwa, huunganishwa kwa kipande kifupi cha waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha ufunguo huwashwa bila kupiga injini. Taa ikipepesa mfululizo kwa mwendo ulio sawa, hapana kosa lililoandikwa. Ikipepesa mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni namba 22, yaani njia ya habari ya joto la maji ina kasoro. Angalieni maneno hayo: njia, si sensa peke yake. Waya, soketi na sensa vyote vimo katika njia hiyo.

Yafaa, basi, kufuata mpango.

Kwanza, tazama maji ya kupozea injini, gari likiwa limepoa. Yakipungua, sensa hubaki hewani, na hewa haiwezi kuipa habari ya maji.

Pili, fikiri juu ya thamostati. Ikikwama wazi, injini hukawia sana kupata moto. Hapo sensa isemapo "baridi" yasema kweli, na kuibadilisha ni kumfukuza shahidi mwaminifu.

Tatu, chomoa soketi ya sensa kwa kubana kibanio chake, wala usivute waya. Tazama kama mna kutu ya kijani au waya uliopasuka ngozi. Ufunguo ukiwashwa, mita yapaswa kuonyesha volti 5 hivi baina ya matundu mawili ya soketi ile. Ikiwa volti hizo hazipo, sensa mpya haitaleta faida yoyote; tafuta waya uliokatika.

Nne, sasa pima sensa yenyewe. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, joto lake huwa la hewa tu. Ikiwa hewa ni baina ya digrii 20 na 40, mita yapaswa kusoma baina ya omu 900 na 3,000. Halafu wezesha injini mpaka ipate moto kamili, uzime, upime tena. Yapasa ishuke mpaka mia chache. Mwenye shaka aitoe sensa, aning'inize ncha yake katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, ayapashe maji polepole, na alinganishe na hesabu tulizotaja juu. Sufuria hiyo isirudi tena jikoni.

Lakini tahadhari: katika injini hii si kila kilichoingia katika njia ya maji ndicho tukitafutacho. Chenye waya mmoja hupeleka habari kwenye mshale wa joto wa dashibodi. Kingine hutawala nozeli ya kuwashia injini baridi. Sensa ya kompyuta ina waya mbili. Kwa hiyo mshale waweza kuonyesha joto sawasawa, na huku kompyuta inadanganywa. Vitu hivyo havisemezani.

Ikithibitika kuwa sensa ndiyo yenye kosa, kuibadilisha si kazi kubwa, ila mahali pake pamebana. Ngoja injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa maji yangali moto, hutoka kwa kishindo na kuunguza uso. Mwaga maji kiasi katika beseni, wala usiyaache chini, kwa kuwa dawa ya kupozea ni sumu kwa watoto na wanyama. Fungua sensa ya zamani, safisha mahali pake, weka mpya pamoja na gasketi mpya. Uianze kwa vidole mpaka ishike uzi, kisha uikaze kwa kiasi. Pale inapoingia ni alumini, na uzi ukiharibika gharama huwa nyingine. Rudisha maji, wezesha injini huku kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe, kisha funga. Mwisho, zima ufunguo, chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kompyuta isahau kosa la zamani, urudishe, na upime tena.

Tumeeleza kwa urefu kwa sababu tumepata kuona familia ikibadilishiwa plagi, kisha pampu ya petroli, kisha sensa, na kila mara ikilipa, ilhali ubaya ulikuwa waya mmoja ulioliwa na kutu. Hatusemi kila fundi ni mdanganyifu. Wengi hubahatisha kwa kukosa mita, au kwa kuona haya kusema, "Sijui mpaka nipime." Lakini mwenye kulipa haoni tofauti baina ya aliyebahatisha na aliyedanganya, mfuko wake umetoboka vile vile.

Enyi vijana mnaojifunza kazi hii, neno hilo lisiwatie haya. Fundi asemaye hajui kisha akapima ni bora kuliko ajuaye yote akabadilisha yote. Na ninyi wenye magari, mwulizeni fundi kwa adabu: "Umepima nini, na mita ilisoma ngapi?" Kisha ombeni mrudishiwe kifaa cha zamani mkononi. Aliyefanya kazi yake kwa amana hatakasirika kwa swali hilo, na nyumba itajua pesa yake imekwenda wapi.