Mauti na Waliobaki

Chapa za kale za Ulaya zimejaa alama za kifo: fuvu la kichwa, saa ya mchanga, mshumaa uliozimika. Nyingi zinaonya tu, hazijafiwa. Hata Hans Holbein, ambaye chapa zake za mbao za ngoma ya Mauti zilitolewa Lyon mwaka 1538, alikuwa akihukumu: Mauti anamfuata papa na mfalme, kisha anakimbia shambani kuwachapa farasi wa mkulima. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini humo tunamtazama anayekufa, na anayebaki hana nafasi.

Hoja ya toleo hili ni kwamba ishara ya kifo hupata uzito inapowageukia wafiwa. Sijaona aliyelithibitisha hilo kumzidi Käthe Kollwitz wa Berlin.

Vita vilipozuka mwaka 1914, mwanawe Peter alikuwa na miaka 18. Hakuweza kujiunga na jeshi bila idhini ya baba, na baba alikataa. Mama ndiye aliyemwombea ruhusa. Oktoba mwaka huohuo Peter akauawa Ubelgiji. Kollwitz alihangaika miaka mingi na msiba huo, hata mwaka 1920 alipoona chapa za mbao za Ernst Barlach, akashika patasi. Mfululizo wake wa chapa saba, *Vita*, ulitoka mwaka 1923.

Katika ya kwanza, mama aliye uchi ananyanyua kichanga chake kukitoa sadaka. Tukijua nani aliomba ile ruhusa, sadaka hiyo inatisha. Katika ya pili Mauti anapiga ngoma, vijana wanamfuata, na aliye ubavuni pake ni Peter. Ya tatu haina mifupa wala ngoma: wazazi wawili wamepiga magoti, mke amemwangukia mume, mume amejifunika uso kwa kiganja. Weusi wa wino umewashikanisha hata hujui mwili mmoja unaishia wapi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo chapa kuu ya majonzi ya karne iliyopita.

Wapo waandishi humu wasiokubaliana nami, wanaoamini fuvu bado lina la kusema. Wasome kwa makini, msomaji, kisha utuandikie uko upande gani.