SAFARI NA MANDHARI: Mto Ambao Hatukuuvuka



Katika toleo lililopita tuliahidi kuwasimulia matembezi ya familia zetu katika ghuba ya Morecambe, kaskazini-magharibi ya Uingereza: kilomita zipatazo 13 juu ya mchanga, kutoka Arnside hadi Kents Bank, wakati maji yamekupwa. Hatukutembea. Jioni ya kuamkia safari tuliarifiwa kwa simu kwamba mvua ya milimani imeujaza mto Kent, unaokatiza njia hiyo, na kwamba mwongozaji hatamvusha mtu. Basi lilikwisha kulipiwa, sambusa zilikwisha kukaangwa, na watoto walikuwa hawashikiki kwa furaha.

Hapo yakazuka mabishano. Baadhi yetu walisema: twendeni wenyewe. Sisi ni watu wa pwani, tumezaliwa maji yakijaa na kupwa mbele ya milango yetu, mama zetu wameokota chaza na kombe kwa kuhesabu siku za mwezi. Itakuwaje tushikwe mkono kuvuka mto wa kufika magotini? Ndugu mmoja alikuwa na jedwali la maji mfukoni, na saa zote alizisoma sawasawa.

Hoja hiyo hatuidharau, kwani nusu yake ni kweli. Lakini Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Morecambe hufika mita 10. Ghuba yenyewe ina mchanga wa kilomita za mraba zipatazo 310, tambarare mno, hata maji yanaporudi hayaji kwa mstari wa mawimbi kama kwetu. Hupita kwanza katika mikondo, yakamzunguka mtu kwa nyuma wakati mbele yake bado anaona mchanga mkavu. Na mto Kent huhamahama: palipovukika juma lililopita, leo pana shimo, au pana mchanga mwororo unaomeza mguu na kuukaza. Jedwali husema saa ya maji ya bahari. Habari za mto haina, wala haijui kwamba mvua imenyesha mbali, juu ya milima, hali ufukweni jua linawaka.

Ndiyo maana wenyeji, pamoja na kuzaliwa hapo, hawaendi bila mwongozaji. Kazi hiyo ni ya karne nyingi, na mwenye nayo huteuliwa kwa jina la Mfalme. Bwana Cedric Robinson aliishika tangu 1963 hadi 2019, kwa mshahara wa pauni 15 kwa mwaka na nyumba ya kukaa. (Vijana wetu waliposikia kiasi hicho walicheka sana.) Kabla ya kuwavusha watu, mwongozaji hutangulia, akaupima mchanga kwa fimbo na kuchomeka matawi mabichi pale panapopitika. Kabla ya reli kufika mwaka 1857, magari ya farasi yalipita humo humo, na wengi walizama.

Tena si zamani tu. Usiku wa tarehe 5 Februari 2004 waokota kombe wasiopungua 21, wote Wachina, walizama katika ghuba hiyo. Walikuwa wahamiaji kama sisi, na wengi wao walitoka Fujian, jimbo lenye pwani yake. Mmoja aliipigia simu familia yake China maji yakiwa yanampanda.

Mama mmoja aliyekuwa akifunga vyakula bila kusema neno ndiye aliyeyamaliza mabishano. Aliuliza: "Huo mto, nani kati yenu ameuona leo?" Hapana aliyejibu.

Vijana wetu wanaotembea siku nyingi katika milima ya Uskochi hawana mwongozaji wa kumpigia simu, basi kwao tunaongeza haya. Tafuteni mahali ambapo mto umepanuka na kugawanyika, si pale palipobana, maana penye wembamba ndipo penye kina na kasi. Tazameni kwanza chini ya mkondo: mkianguka, maji yatawapeleka wapi? Fungueni mikanda ya kiunoni na kifuani ya mabegi, ili begi liweze kuvuliwa upesi. Viatu msivivue. Shikaneni watatu watatu, mwenye nguvu akae upande maji yatokako. Maji yakipita magoti kwa kasi, au chini pasionekane, rudini. Mto uliojazwa na mvua mara nyingi hupungua katika saa chache, na hema mnalo.

Nasi tulikwenda Arnside kwa basi lile lile. Tulikula sambusa ufukweni, tukautazama mto ukipita mwekundu kwa tope chini ya daraja la reli. Alasiri king'ora kililia kuwaonya watu kuwa maji yanaingia. Baada ya muda mchanga tuliokuwa tukiutazama ulikuwa umezungukwa pande zote, kisha haukuwapo. Ndugu yetu mwenye jedwali alitazama saa yake, akaikunja ile karatasi.

Wanaotaka kwenda nasi mwakani, inshaallah, watoe majina yao baada ya darasa la Jumamosi. Nauli haitarudishwa endapo mwongozaji ataahirisha. Tunaomba hilo likubaliwe kabla ya kulipa.